Kaburi Fupi la Lusumba

Fundi wa mashine za boti hakuinua kichwa walipomsalimia. Alikuwa amechuchumaa kwenye mwalo wa Lusumba, pale boti zinapoegeshwa, kofia ya ukili imemshuka mpaka kwenye nyusi, anahangaika na mashine iliyotoa moshi mwingi kuliko mlio. Inspekta Rebeka Mashimba, wa upelelezi Mwanza, hakuona ubaya. Mtu mwenye mashine korofi mikononi humpigishi soga, unamuuliza unachotaka na kwenda zako.

"Shikamoo, mzee. Tunatafuta makaburi ya wale watu wa ndege."

"Marahaba." Alifuta mkono kwenye suruali. "Shikeni kaskazini na ufukwe. Mkivuka mawe makubwa, geukeni magharibi kidogo. Mtayaona."

Rebeka akacheka. Tangu wavuke daraja la Busisi asubuhi ile, kila aliyemuuliza njia alimjibu "hapo mbele" au alinyoosha mdomo tu. Huyu alikuwa wa kwanza kumpa pande za dunia.

"Asante sana, mzee," akasema mwanamke aliyefuatana naye.

Mashine ikazima. Walimwacha fundi anaivuta kamba upya, na mguu wake mmoja, Rebeka aliona, haukukunjika vizuri.

Mwanamke huyo ni Nusrat Abubakary, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bombo, Uganda. Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao, kinaruka ngeli kama mtu anayeruka madimbwi, lakini hakikosi kufika. Alikuja Mwanza baada ya kuona kwenye simu picha ya bati la ndege lililonaswa na nyavu za wavuvi. Bati hilo liliuzwa kwa Venant, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Igoma. Venant, Mungu ambariki, alipoona namba zilizogongwa ubavuni aliogopa kulikata akaenda polisi. Jeshi likaja, likazamia, likahakikisha hakuna bomu. Halafu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na jalada likatua mezani kwa Rebeka na swali moja ambalo hakuna aliyelitaka: watu wa ndege ile walikwenda wapi?

Ilikuwa ndege ya adui, wakati wa vita vya Kagera. Ilikuja kuipiga Mwanza, ikapigwa yenyewe, ikaangukia ziwani. Nusrat aliwajua wote kwa majina tangu utotoni. Rubani alikuwa Muhidin. Mwenye mabomu alikuwa Bashiru. Mwongoza njia, kijana aliyekaa na ramani na dira nyuma ya rubani, alikuwa Abubakary, baba yake. Watatu hao walitoka mtaa mmoja wa Bombo, na Nusrat alizaliwa baada ya ndege kuanguka, njiani, mama yake akikimbilia Sudani na watu wengine wa mji.

Mama huyo, Sihaba, bado yu hai, lakini anaumwa na hafichi kwamba safari yake imekaribia. Miaka yote alikataa kuolewa tena. Alikataa hata mumewe asomewe hitima. Mtu hasomewi hitima kwa kudhaniwa, alisema, kama amekufa nionyesheni alipolala. Sasa alikuwa ameshona mfuko mdogo wa kitambaa cheupe akampa binti yake. Niletee udongo wa kaburi lake, nami nitaamini kuwa ni mjane.

Nusrat aliubeba mfuko huo ndani ya blauzi, upande wa moyo. Rebeka alikuwa ameuona mara moja tu, na tangu hapo alishindwa kuliita jalada lile jalada.

Mwenyekiti wa kitongoji, Obedi, aliwasubiri makaburini akiwa amevaa koti na kofia licha ya joto. Wakati wa vita alikuwa mtoto wa kunyonya, lakini alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeidungua ile ndege.

"Miili mitatu, afande! Iliibuka asubuhi moja, ikajipanga hapo mchangani, mmoja, wawili, watatu. Wazee wakazika hapa hapa. Kwetu mtu wa ziwa hapelekwi nyumbani, anazikwa alipoibukia."

"Nani aliwazika?"

"Marehemu Mzee Mihayo, baba yake Mama Tereza wa pale juu. Ndiye alikuwa mkubwa wa mwalo."

Makaburi yalikuwa matatu kweli, yamefyekewa majani na kuwekewa mawe pembeni. Mtu alikuwa akiyatunza, na si kwa kubabaisha. Nusrat alisimama mbele yake, kisha akatoa simu. Rebeka alidhani anapiga picha. Kumbe alifungua dira ya kibla.

"Dada Rebeka, tazama. Hili na hili, wamelazwa kibla. Sawasawa kabisa." Alihamia la tatu, akageuza simu, akageuza tena. "Hili hapana. Hili limelala ovyo tu."

"Obedi," Rebeka akaita. "Wakati ule hapa kijijini kulikuwa na Mwislamu?"

"Hata wa dawa! Kulikuwa na watu wa kanisa na watu wa mizimu, basi. Msikiti wa karibu ulikuwa Sengerema mjini."

"Na hawa watu walizikwa na nani aliyejua kibla?"

Obedi akatazama ziwa kana kwamba jibu lingeibuka kutoka huko.

Nusrat alikuwa ameshapiga magoti. Alisema hajui baba ni yupi, kwa hiyo atachukua kidogo kwa kila mmoja. Alisoma fatiha kwa sauti ya chini, akatia udongo wa kaburi la kwanza kwenye mfuko, akatia wa la pili. Alipoutia mkono kwenye la tatu, Obedi aliruka.

"Hilo hapana, dada! Hilo haliguswi! Mengine sawa, hilo mpaka Mama Tereza aruhusu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyolelewa. Hata kupalilia anapalilia yeye peke yake."

Rebeka alilizunguka kaburi la tatu. Lilikuwa fupi. Mtoto wa darasa la pili asingeenea humo, sembuse askari wa anga. Alitazama huku na huku, na pale karibu na mawe aliuona mti wa mvungunya, matunda yake marefu yananing'inia kama mikono ya watu. Akaelewa, na alichokielewa kilimtia uchungu. Alimshika Nusrat bega, akamkalisha kwenye jiwe.

"Mama yangu ni Mjaluo wa Rorya," alianza. "Nilipokuwa mdogo mjomba alizama. Alitafutwa, hakuonekana. Wazee wakaangua tunda la mvungunya, wakalifunga shuka, tukalililia, tukalizika. Mtu asipopatikana hupewa tunda lilale badala yake, asibaki anatangatanga. Nadhani humo ndani kuna tunda."

Nusrat alielewa upesi kuliko Rebeka alivyotaka.

"Kwa hiyo mmoja alibaki majini."

"Ndiyo."

"Na anaweza kuwa baba. Udongo nitakaompelekea mama unaweza kuwa wa mtu mwingine."

Hapo akalia, kwa sauti, kama mtu aliyekuwa ameahirisha kilio chake tangu Bombo. Rebeka alikaa naye kwenye lile jiwe. Hakumwambia anyamaze. Obedi alivua koti akalishika mkononi.

"Miili mitatu uliiona wewe?" Rebeka alimuuliza baadaye.

"Ndivyo nilivyosimuliwa, afande."

Walipanda kwenda kwa Mama Tereza. Katikati ya njia Rebeka alisimama ghafla hata Nusrat akamgonga mgongoni. Kuna kitu hakikukaa sawa. Alikigeuza, akakirudisha kilipokuwa, akaendelea kutembea. Aliamua kumuuliza Mama Tereza mwenyewe.

Mama Tereza alikuwa kibarazani anamenya mihogo, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyo na haraka. Aliitikia shikamoo zao, akawapa vigoda, akamtazama Nusrat kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kando ya mlango palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja bado kinatoa mvuke. Mtu alikuwa ametoka hapo sasa hivi.

"Mama, miili iliyoibuka ilikuwa mingapi?" Rebeka aliuliza.

"Miwili. Obedi huyo anapenda kutia chumvi."

"Na wa tatu mkamzikia mvungunya."

Kisu kikasimama. "Umejuaje?"

"Nina damu ya Rorya."

"Basi huna haja ya kuuliza. Mtu asiporudi lazima awe na pa kulala." Kisu kikaendelea, lakini sasa kilikuwa kinakata muhogo wenyewe badala ya ganda.

"Ninayo haja, mama. Ndege ilianguka katikati ya maji. Wakaibuka wawili. Mlijuaje kuwa yuko wa tatu?"

"Wanajeshi walisema."

"Wanajeshi wetu waliiona ndege ikianguka, basi. Waliokuwamo ni wangapi, alijua aliyeipanda tu."

Mama Tereza alimgeukia Nusrat. "Mwanangu, mama yako anaitwa nani?"

"Sihaba."

"Sihaba," mama yule alirudia taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo. "Na ana alama yoyote?"

"Alama?"

"Ya kuungua. Labda."

Nusrat alimtazama kwa mshangao. "Mkono wa kushoto. Aliungua na mafuta akikaanga mandazi, kabla hajaolewa. Umejuaje wewe?"

Rebeka alivuta kigoda chake karibu. Sauti yake ilishuka, kwa sababu hapo ndipo alipoona kitu kizima, na kilikuwa kikubwa kuliko jalada.

"Ngoja nikusaidie, mama, maana naona unalibeba peke yako. Wale wawili walilazwa kibla na mtu anayejua kibla, na hapa hapakuwa na Mwislamu. Mtu huyo huyo aliwaambia kuwa ndegeni walikuwa watatu. Anajua alama ya mkono wa Sihaba. Na leo mwaloni kuna fundi mwenye mguu mbovu, nimemuuliza njia, akaniambia nishike kaskazini kisha nigeuke magharibi kidogo. Wavuvi wako hawasemi hivyo. Anayesema hivyo ni mwongoza njia wa ndege."

Kutoka chini, mwaloni, mlio wa mashine ulisikika ukikohoa, ukishika, ukikohoa tena.

"Mtamkamata?" Mama Tereza aliuliza. Hakuwa analia, lakini kisu kilimponyoka kikaanguka kwenye beseni. "Niambieni kwanza. Kama mtamkamata, mtanikamata na mimi."

Nusrat alikuwa amesimama. Hakuna aliyejua alisimama saa ngapi.

"Mama," Rebeka alisema, "vita ile iliisha mimi nikiwa mgongoni. Sina pingu ya vita iliyokwisha. Namtafutia huyu baba yake."

Ndipo Mama Tereza akasimulia, akimtazama Nusrat peke yake.

Kaka yake wa pekee, Kashindye, alikuwa amekwenda vitani Kagera. Asubuhi moja baba yao, Mzee Mihayo, alikuta watu watatu ufukweni, wawili wamekufa, mmoja amevunjika mguu na kuwashikilia wenzake kwa mikanda wasirudi majini. Kijana yule aliomba kitu kimoja tu, asaidiwe kuwazika wenzake vizuri. Mzee alimbeba mgongoni, akamshusha karibu na mashimo, naye akaelekeza kwa kidole wapi kichwa, wapi uso. Tereza alikuwa msichana mkubwa, ndiye aliyechota maji ya kuwaoshea.

"Mama yangu alimwambia baba, huyu ni adui, mpeleke kwa mgambo. Watu walikuwa na hasira, wangempiga mpaka afe. Baba akasema, na Kashindye wetu je, huko aliko akianguka kwenye mlango wa mzee mwingine? Akasema namtendea huyu ili mzee huyo naye amtendee wangu." Alipangusa macho kwa kanga. "Mgambo walipokuja, baba akawaonyesha makaburi matatu. Wote wamekufa, akasema. Hawakutazama ukubwa wa la tatu, wakaondoka. Lakini kaburi la mtu aliye hai huwezi kuliacha tupu, linamwita mwenyewe. Akatia mvungunya humo."

"Na kaka yako?" Nusrat aliuliza.

"Hakurudi. Mpaka leo. Baba alimpa huyu jina lake, na tangu siku hiyo ndiye kaka yangu."

"Kwa nini hakuja nyumbani?" Sauti ya Nusrat ilipasuka. "Mama alimngoja. Mimi nilimngoja, hata sura yake sijui!"

"Mwanzo mguu. Halafu tukasikia Bombo imebaki mahame, watu wamekimbia. Alidhani mmekufa. Halafu mwanangu, kuna lile kaburi. Mtu mwenye kaburi kwetu haitwi kwa jina lake, haozwi, wala havuki maji. Akivuka, ziwa linakuja kudai chake. Na kulifuta si kazi ya jirani. Analifuta mtu wa damu yake, kwa mikono, halafu anamwita. Baba alijaribu kumfungua, wazee wakakataa, huna damu naye. Mimi sina damu naye. Tungemtoa wapi mtu wa damu?"

"Na yeye aliyaamini hayo?" Rebeka aliuliza. "Mtu wa ndege, wa dira?"

"Siku moja nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, Tereza, baba yako aliniokoa kwa desturi hii, nitaivunjaje nikiwa nakula ugali wake?" Alitazama vile vikombe viwili mlangoni. "Leo mlipopita mwaloni alikuja hapa mbio na mguu wake ule. Akasema, yule mwanamke ana sauti ya Sihaba. Chai yake ndiyo hiyo. Hakumaliza. Alisema anaogopa kukaa, anaogopa na kuondoka."

Nusrat hakungoja zaidi. Alianza kuteremka kuelekea mwaloni, na Mama Tereza akamkimbilia, akamshika mkono.

"Sio huko kwanza, mwanangu. Ukimkuta hivi hivi utamkuta Kashindye. Njoo huku."

Walirudi makaburini wote watatu. Obedi alikuwa bado pale na koti lake mkononi, na alipomwona Mama Tereza ameshika mkono wa mgeni na kumpeleka kwenye kaburi fupi, alielewa, akavua na kofia. Mama Tereza alimwonyesha: upande wa ziwa kwanza, kwa mikono, bila jembe, udongo unaurudisha ulikotoka.

Nusrat alipiga magoti. Alianza kwa woga, kisha akafuta kwa nguvu, anasukuma udongo kwa viganja, anang'oa mawe na kuyatupa, kucha zinajaa tope, anafuta na kulia na kucheka kidogo kwa wakati mmoja. Rebeka aliinama ili amsaidie, halafu akakumbuka, akarudisha mikono yake mfukoni. Kwa umri wake kazini alikuwa amefukua makaburi mengi kwa amri ya mahakama, na hakuna hata moja alilofurahia. Hili alilifurahia.

Kaburi lilipolingana na ardhi, Nusrat alitoa ule mfuko mweupe kifuani. Mama Tereza akamwonyesha nani kalala wapi, naye udongo wa Muhidin akaurudisha kwa Muhidin, wa Bashiru kwa Bashiru, kadiri alivyoweza kuutenganisha. Akaukung'uta mfuko mpaka ukawa mtupu.

"Sasa mwite," Mama Tereza alisema. "Kwa jina lake lenyewe. Kwa sauti, afike."

Nusrat aligeukia mwaloni. Alivuta pumzi, kisha akamrudia Mama Tereza.

"Siwezi. Nimwite baba yangu kwa jina? Nitakuwa mtoto gani?"

Mama Tereza alimtazama Rebeka, Rebeka akamtazama Obedi, na Obedi ambaye ana maoni juu ya kila kitu aliinua mabega tu. Hakuna mzee aliyewahi kuwaambia nini kifanyike mtoto akiwa na adabu.

"Basi mwite unavyomwita," Mama Tereza aliamua.

"Baba!" Nusrat aliita. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuliita neno hilo likiwa na mtu wa kulijibu, na lilitoka dogo. Akaita tena, safari hii likashuka mpaka majini. "Baba!"

Kule mwaloni mashine, ambayo hatimaye ilikuwa imekubali kunguruma, ilizimwa.

Alikuja na ufukwe, akivuta mguu, bila kusimama. Alipofika kwenye mawe makubwa alisita, pale ambapo kwa miaka yote alikuwa anageuka na kurudi. Mama Tereza akampungia mkono, njoo, kaka, njoo, hakuna kitu hapa tena. Akavuka. Aliwatazama wenzake wawili waliolala, akatazama ardhi tupu iliyokuwa yake, ndipo akavua ile kofia ya ukili na kumtazama binti yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado imejaa udongo.

Aliizungusha kofia mikononi, kisha akauliza.

"Sihaba hajambo?"

"Hajambo, baba," Nusrat alisema. "Ameniagiza nikulete."